Leso inatoboka, kofia inabaki na ukingo wa kijani: jibu kwa muuzaji wa Mji wa Kale

Swali: Assalaam alaykum mwalimu. Nauza leso (khanga) na kofia za vito kupitia simu, nikiwa nyumbani Mji wa Kale, Mombasa. Nilisikia wapigapicha wakisema kwamba ukitaka kuondoa mandharinyuma utumie kitambaa cha kijani, basi nikanunua pale Biashara Street. Natandika leso juu yake na kupiga kwa simu. Nikiifuta rangi ya kijani, leso zenye maua na majani zinatoboka katikati, pembe moja ya kitambaa haifutiki, na kofia nyeupe zinabaki na mstari wa kijani ukingoni. Mpwa wangu anajua Python kidogo na tumejaribu OpenCV, ule mkusanyo wa amri za kuchakata picha, lakini kila picha inataka namba zake na nina mamia ya picha. Tunakosea wapi? Au ninunue kamera?

Jibu: Waalaykum salaam, dada yangu, na hongera kwa kazi. Kamera usinunue, ya simu yako inatosha. Ulichoeleza ni matatizo matatu yenye vyanzo tofauti, na dawa ya moja ikipelekwa kwa jingine huzidisha maradhi. Ndiyo maana mnahangaika na namba kila picha.

Kwanza niseme neno juu ya hicho kitambaa cha kijani. Kanuni uliyoisikia ni ya kweli, ila ilitungwa kwa ajili ya kupiga picha za watu. Ngozi ya binadamu, iwe nyeusi, ya maji ya kunde au nyeupe, haina kijani ndani yake, kwa hiyo mtu akisimama mbele ya kijani anatenganika vizuri. Leso haina kanuni hiyo. Leso inaweza kuwa na rangi yoyote aliyoitaka mchoraji, na mara nyingi kijani kimo. Kitambaa cha nyuma huchaguliwa kwa kuangalia kitu kinachopigwa picha, na wewe una vitu viwili visivyofanana hata kidogo: leso yenye rangi nyingi zilizokoza, na kofia isiyo na rangi kabisa.

Tuanze na ile pembe isiyofutika, maana ndiyo itakayotuonyesha jinsi kompyuta inavyosoma rangi. Picha ya dijitali ni mamilioni ya vidoa viitwavyo pikseli, na kila pikseli ni namba tatu tu, kila moja kati ya 0 na 255: kiasi cha nyekundu, cha kijani na cha buluu. Tuseme kitambaa chako, pale penye mwanga mzuri, kinasomeka 40, 150, 60. Pembeni, kivuli kilipoangukia, namba zote zimeshuka hadi nusu: 20, 75, 30. Sasa chukua jani la kijani lililochapwa kwenye leso, tuseme 30, 95, 55. Pima umbali wa namba hizi kwa kanuni ya Pythagoras tuliyosoma shuleni. Jani liko umbali wa 56 hivi kutoka kwenye kitambaa chenye mwanga, ilhali kivuli cha kitambaa hichohicho kiko umbali wa 83. Kwa hesabu hiyo jani la leso limekaribia kitambaa kuliko kitambaa kinavyojikaribia chenyewe. Ukipanua kipimo ili kivuli kifutike, jani litakuwa limekwisha kufutika. Ukikibana ili jani lipone, pembe inabaki. Hakuna namba itakayowapa vyote viwili, hata mkikesha.

Dawa ya pembe ni kuzipanga namba upya. Mwaka 1978 Alvy Ray Smith, mmoja wa waasisi wa michoro ya kompyuta Marekani, alichapisha mpangilio unaoitwa HSV ambao mpaka leo umo ndani ya karibu kila programu ya picha. Badala ya nyekundu, kijani na buluu, pikseli inaelezwa kwa maswali matatu: ni rangi ipi, imekoza kiasi gani, na inang'aa kiasi gani. Rangi zenyewe hupangwa kwenye duara. Nyekundu iko nyuzi 0, njano 60, kijani 120, buluu 240, kisha unaendelea hadi 360 na kurudi kwenye nyekundu. Kitambaa chako chenye mwanga kinasomeka nyuzi 131, ukolezi asilimia 73, mng'ao asilimia 59. Kile cha kivulini kinasomeka nyuzi 131, ukolezi asilimia 73, mng'ao asilimia 29. Umeona? Kivuli kimegusa namba moja tu. Basi iambie programu itazame rangi na ukolezi kwa makini, na mng'ao uachiwe nafasi pana. Pembe yako itafutika pamoja na kitambaa kingine.

Hapa mpwa wako ana mitego ya kuijua mapema. OpenCV huzisoma namba za picha kinyume, buluu ikiwa ya kwanza na nyekundu ya mwisho, kwa hiyo akibadilisha kwenda HSV bila kulizingatia hilo, leso nyekundu itasomeka buluu. Pia duara lake limegawanywa mara 180 badala ya 360, ili namba itoshee kwenye baiti moja. Nyuzi 131 kwake ni 65 au 66, na ukolezi wa asilimia 73 ni 187 kati ya 255. Akinakili namba kutoka GIMP, programu ya kuhariri picha ambako duara ni la 360, moja kwa moja kwenye inRange, amri ya kuchagua pikseli zilizo ndani ya mipaka ya namba, hazitafanya kazi. Na nyekundu imekaa palepale duara linapoanza na kuisha, kwa hiyo kuikamata kunahitaji vipande viwili, kimoja karibu na 0 na kingine karibu na 179, kisha viunganishwe.

Mtego mwingine ni mkubwa zaidi, nao ni kuiamini rangi pale ambapo rangi haipo. Pikseli nyeusi ya leso inaweza kuwa 8, 10, 7. Kwa jicho ni nyeusi tii. Kwa hesabu ni nyuzi 100, yaani kijani, tena chenye ukolezi wa asilimia 30. Tofauti ya namba mbili tatu, ambayo kamera imeizusha yenyewe kwenye giza, imetosha kuibatiza pikseli hiyo kuwa kijani. Kwa hiyo mng'ao nao uwekewe sakafu: chochote kilicho cheusi kupita kiasi kisihesabiwe kuwa kitambaa. Ukolezi nao uwe na sakafu yake, kwa sababu nitakayoieleza tukifika kwenye kofia.

Sasa matundu ya leso. Lile jani letu la 30, 95, 55 liko nyuzi 143 na ukolezi asilimia 68. Kitambaa ni 131 na 73. Nyuzi kumi na mbili si kitu, kwani kitambaa chenyewe kwenye picha ya simu hutawanyika nyuzi kadhaa huku na huku. Ukweli ni kwamba rangi peke yake haiwezi kumaliza kazi hii, na ukiongeza ufundi wa namba utakuwa unapoteza siku zako. Lakini leso ina kitu ambacho vitambaa vingi havina: pindo.

Pindo limeuzunguka mji, yaani sehemu ya kati ya leso, pande zote nne. Majani, maua, korosho na jina vimo ndani yake. Kwa nini basi programu ipewe ruhusa ya kufuta kijani kilicho ndani ya mji? Mandharinyuma hayawezi kuwa mle. Ielekeze ianze kufuta kutoka kwenye pembe nne za picha na kuenea kwa pikseli zinazogusana tu, na kila inapokutana na rangi isiyo ya kitambaa isimame. Ni kama maji ya bahari yanapojaa: yatafika kila penye njia, lakini nyumba iliyozungushiwa ukuta mzima hayaingii, hata kama sakafu yake iko chini kuliko maji. Kwenye OpenCV amri hiyo ni floodFill. Kwenye GIMP ni kile kifaa cha kuchagua eneo lililoungana, tofauti na kile kinachochagua rangi ileile popote ilipo kwenye picha. Nadhani hiki cha pili ndicho mlichokuwa mkikitumia.

Ukilikubali wazo hili, swali zima linabadilika. Huhitaji tena kitambaa kisichofanana na rangi yoyote ya leso. Unahitaji kitambaa kisichofanana na ukingo wa nje wa pindo, basi. Leso ya pindo jekundu iliyojaa majani ya kijani kwenye mji inaweza kulala juu ya kitambaa cha kijani kwa amani. Leso ya pindo la kijani ndiyo isiyowezekana kwenye kijani.

Kwa hiyo nunua kitambaa cha pili, pinki kali, kisha ugawe leso zako mafungu mawili kwa kutazama pindo tu. Mapindo mekundu, ya zambarau, ya buluu na ya pinki yaende kwenye kijani. Ya kijani na ya njano yaende kwenye pinki, kwani njano iko nyuzi 60 tu kutoka kijani safi, na kwenye mwanga hafifu njano huelekea huko. Mapindo meusi na meupe yanakubali vyote viwili, maana hapo kinachotenganisha ni ukolezi kwa meupe na mng'ao kwa meusi. Vitambaa viwe vya pamba isiyong'aa. Sateni usiiguse: inarudisha mwanga kama kioo, na palipo na mng'ao huo rangi hupauka mpaka nyeupe.

Ukuta huo una hatari moja, nayo ni ufa. Pindo likiwa na michirizi inayofika mpaka ukingoni, na mchirizi mmoja ukafanana na kitambaa, upana wa pikseli chache tu unatosha kupitisha maji na mji wote ukazama. Ukiona leso nzima imetoweka ghafla, jua ndicho kilichotokea. Kabla ya kumwaga, ziba nyufa: panua kidogo eneo linalohesabiwa kuwa leso, kisha ulirudishe kwa kiasi kilekile. Ufa mwembamba unakuwa umeungana, na ukingo unarudi karibu na pale ulipokuwa. Kazi hii ya kupanua na kupunguza maumbo ilianzishwa na Georges Matheron na Jean Serra kule Ufaransa mwaka 1964, walipokuwa wakichunguza miamba na madini, na mpaka leo ndiyo inayosafisha maski za picha, yaani ramani za kipi kibaki na kipi kifutwe, ulimwenguni. Ukiifanya kinyume, kwa kupunguza kwanza na kupanua baadaye, unaondoa vidoa vidogo vilivyobaki hewani nje ya leso.

Na kama leso imetandikwa wazi bila kukunjwa, sikushauri kuhangaika na rangi hata kidogo. Hiyo ni pembe nne. Zitafute pembe nne, unyooshe mstatili, ukate. Rangi itunzie leso iliyokunjwa, iliyoning'inizwa au iliyovaliwa.

Turudi kwenye malalamiko ya kila picha kutaka namba zake, maana hapo simu yako ina lawama. Simu hurekebisha rangi yenyewe ikijaribu kufanya nyeupe ionekane nyeupe. Sasa wewe umeijazia picha kijani kitupu. Simu inadhani taa ndiyo ya kijani, inasukuma rangi zote upande wa pinki, na inasukuma kwa kiasi tofauti kila ukibadilisha leso. Kitambaa ni kilekile, namba ni nyingine. Weka kamera kwenye hali ya kujipangia mwenyewe, funga rangi ya mwanga kwenye namba moja ya Kelvin (kipimo cha rangi ya mwanga), funga pia kiasi cha mwanga, na usiviguse mpaka fungu liishe. Simu isiyo na hali hiyo, mara nyingi ukibonyeza kioo na kushikilia kidole kwa muda, mwanga na umakini wa lenzi (fokasi) hufungwa.

Kwa upande wa jua, Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa Ikweta, na Machi na Oktoba jua la adhuhuri hupita karibu kabisa juu ya utosi. Kila mkunjo wa kitambaa hutupa kivuli kikali, na sehemu zilizopigwa na jua huungua mpaka namba zikagonga 255. Namba ikigonga 255 haiongezeki tena, na ule uwiano uliotuokoa kwenye pembe yenye kivuli huvunjika, kwani kivuli hupunguza namba zote pamoja ilhali kuungua hugusa ile kubwa peke yake. Bora picha iwe na giza kidogo kuliko kuungua. Piga asubuhi, kwenye uwazi wa kati wa nyumba au penye dirisha lisiloingiza jua moja kwa moja. Taa ya ndani izime, kwa sababu mwanga wa anga na mwanga wa balbu zina rangi mbili tofauti, na kitambaa kimoja kitasomeka vitambaa viwili. Na tazama kuta. Ukuta uliopakwa manjano au waridi, ukiwa karibu kama zilivyo nyumba za vichochoro vyenu, unarusha rangi yake juu ya kila kitu. Ukuta mweupe wa chokaa ni rafiki yako. Kitambaa kipige pasi.

Kisha, kabla ya leso ya kwanza ya kila fungu, piga picha moja ya kitambaa kitupu, simu ikiwa imesimamishwa palepale itakapokaa. Nakuomba sana usiliruke hili. Picha hiyo tupu itampa mpwa wako namba za kweli za kitambaa cha siku hiyo: wastani wa rangi, na jinsi inavyotawanyika. Kipimo akiweke kipana kidogo kuliko mtawanyiko huo, na programu ijipangie yenyewe kila fungu bila mtu kukisia. Kwa kofia, ambazo zote hukaa mahali pamoja, picha tupu ina faida kubwa zaidi: kila pikseli unailinganisha na pikseli ileile ya picha tupu, kwa hiyo hata kitambaa chenye mwanga usio sawa kinajirekebisha chenyewe.

Haya, kofia. Nyeupe haina rangi yake. Inachukua ya jirani. Kijani cha kitambaa kinarushwa juu ya kofia na pikseli iliyopaswa kuwa nyeupe inasomeka 225, 240, 222. Ipime kwa duara letu: nyuzi 110, kijani kabisa! Ila ukolezi wake ni asilimia 7.5 tu. Hii ndiyo sababu nilisema ukolezi uwe na sakafu. Programu inayotazama nafasi kwenye duara peke yake itaila kofia yako ukingoni. Inayodai pia ukolezi wa angalau asilimia 30 itaiacha salama.

Lakini kuiacha salama hakuondoi mstari wa kijani, kwani una vyanzo viwili. Kimoja ni huo mwanga unaorushwa. Kingine ni kwamba ukingo wa kitu kwenye picha hauwi kamwe mstari mkali. Leso ya sentimita 150 ikijaza pikseli 3,600, kila pikseli inafunika karibu nusu milimita ya kitambaa. Uzi wa kofia ni mwembamba kuliko hapo. Pikseli ya ukingoni inakuwa na nusu ya uzi na nusu ya kitambaa cha nyuma, na namba zake ni mchanganyiko wa vyote. Ukiuliza "hii ni kofia au ni kitambaa?" umeuliza swali lisilo na jibu. Uliza "ni kofia kwa kiasi gani?" Kiasi hicho huitwa alfa. Thomas Porter na Tom Duff waliandika hesabu zake mwaka 1984, na programu zote za kubandika picha juu ya picha zinazifuata.

Kwa kijani kuna njia rahisi ya kuipata alfa. Chukua namba ya kijani, utoe ile iliyo kubwa kati ya nyekundu na buluu. Kitambaa chetu, 40, 150, 60, kinatoa 90. Nyeupe safi inatoa 0. Ile nyeupe iliyorushiwa kijani inatoa 15. Pikseli ya ukingoni yenye nusu kofia ya 240, 240, 240 na nusu kitambaa itakuwa 140, 195, 150, nayo inatoa 45, yaani nusu kamili ya 90. Kwa hiyo nusu yake ni kitambaa. Sasa mtoe huyo kitambaa: punguza nusu ya 40, 150, 60 kutoka 140, 195, 150, unabaki na 120, 120, 120, gawanya kwa nusu, unapata 240, 240, 240. Weupe wa kofia umerudi, na pikseli imepewa uwazi wa nusu, tayari kukaa juu ya rangi yoyote utakayoiweka nyuma. Msingi wa hesabu hii umetokana na kazi ya Petro Vlahos, mhandisi wa Marekani aliyetenganisha waigizaji na mandharinyuma ya buluu kwenye filamu, muda mrefu kabla ya picha za dijitali.

Kwa kile kijani kilichorushwa juu ya mwili wa kofia, weka sharti kwamba kijani kisizidi kikubwa kati ya nyekundu na buluu. Pikseli ya 225, 240, 222 inakuwa 225, 225, 222, na jicho halitaona kasoro. Sharti hili ni la kofia nyeupe. Ukilipeleka kwenye leso litaua kila jani. Huko litumie kwenye utepe wa pikseli chache za ukingoni tu.

Yote hayo nimekueleza kwa sababu una picha ambazo umeshazipiga na pengine bidhaa zimeshauzwa. Kwa kofia unazopiga kuanzia sasa, kijani acha. Kitu kisicho na rangi kitenganishe kwa mng'ao: kofia nyeupe juu ya kitambaa cha kijivu kilichokolea, ikiwa mbali nacho kadiri nafasi inavyoruhusu. Kijivu hakirushi rangi, kinapunguza mwanga tu. Hesabu nayo inakuwa nyepesi. Pikseli zinajigawa makundi mawili, meupe na ya kijivu, na njia aliyoichapisha Nobuyuki Otsu wa Japani mwaka 1979 hutafuta kizingiti kati ya makundi hayo bila kuuliza mtu. Imo ndani ya OpenCV. Ihakikishie tu kwamba kofia inachukua sehemu kubwa ya picha, kwani kundi moja likiwa dogo mno kizingiti huvutwa upande wa jingine. Na ndani ya kofia weka karatasi ngumu ya kijivu iliyokunjwa kama kichwa. Vile vijitundu vilivyozungushiwa uzi kwa mkono ndivyo mnunuzi anavyolipia, na karatasi hiyo itavionyesha vyote. Hapa pia mwagia kutoka nje, ili vijitundu vya ndani visihesabiwe kuwa mandharinyuma.

Jambo la simu tena, kwa ufupi. Kitambuzi cha kamera nyingi kina mpangilio uliobuniwa na Bryce Bayer wa Kodak, hataza yake ikitolewa mwaka 1976: katika kila vijisehemu vinne vinavyopokea mwanga, viwili husoma kijani, kimoja nyekundu na kimoja buluu. Rangi zinazokosekana hukisiwa kutoka kwa majirani. Kisha JPEG, kwa kawaida kwenye simu, hufanya pikseli nne zigawane taarifa moja ya rangi ili faili lipungue. Mng'ao unabaki mkali, rangi inatapakaa. Ndiyo maana ukingo wa rangi kwenye picha ni mpana kuliko ukingo unaouona kwa jicho, na ndiyo maana kijani kinakusaidia zaidi ya pinki pale ambapo una uhuru wa kuchagua. Simu yako ikiweza kuhifadhi picha ghafi, tumia hiyo kwa bidhaa za bei kubwa. Na unapompelekea mpwa wako picha kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti. Ukituma kama picha inabanwa tena, na ile alfa tuliyoihesabu inahesabiwa juu ya uchafu.

Utaniuliza kuhusu programu za akili bandia zinazokata mandharinyuma kwa mguso mmoja. Kwa picha chache za mtu aliyevaa leso, zitumie, hutajuta. Zinatambua umbo la mwili, jambo ambalo rangi haiwezi. Kwa mamia ya leso na kofia bado nakushauri kitambaa na mwanga, kwani programu hizo huyumba kwenye nyuzi zinazochomoza na kwenye vijitundu, na kila picha hukosea mahali tofauti. Katikati yake kuna GrabCut, iliyotolewa mwaka 2004 na Carsten Rother, Vladimir Kolmogorov na Andrew Blake. Unachora mstatili kuzunguka kitu, nayo inajifunza rangi za ndani na za nje huku ikitafuta ukingo. Imo OpenCV, na inafaa kwa zile leso ambazo pindo lake lina kijani na pinki pamoja.

Mwisho wa kazi hifadhi kama PNG. JPEG haina nafasi ya alfa, kwa hiyo ukihifadhi humo, uwazi wote hujazwa rangi moja na ukingo ulioutengeneza kwa taabu unapotea. Picha ya awali kutoka kwenye simu usiifute, na iandike jina la fungu na la picha tupu inayohusika nayo, ili mkiboresha programu mwezi ujao muweze kuzipitisha zote upya bila kutandika leso hata moja.